Watu Zaidi ya Watano

Askari watatu wa Simba, wale waasi, waliingia parseli ya fundi Waziri, uwanja wa nyumba yake, saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, wakakuta watu kumi na mmoja wamelala chali kwenye mikeka, kila mmoja ameinua mguu mmoja hewani. Watano walikuwa wazee, sita walikuwa watoto. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani, akihesabu.

"Sita. Saba. Papa Nicolas, goti usilikunje. Nane."

Sajini aliyewaongoza askari aliihesabu mikeka kwa macho. Alikuwa ameona mengi tangu Simba waingie Kisangani mwezi wa nane wa mwaka ule wa 1964, lakini hili hakuwa ameliona.

"Hii ni jeshi gani?" aliuliza.

"Hapana jeshi, chef," mwanamke alijibu. "Ni batu ya masaji. Hawa batoto miguu yao ilikufa na polio. Hawa bazee walipigwa na kiharusi, ao magoti imekauka. Tuko naamusha miguu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Masera Simone wa hospitali."

"Masera iko wapi?"

"Alirudia Ulaya."

"Donc, hakuna ruhusa."

Mwanamke huyo aliitwa Zaina. Kwa miaka tisa alikuwa amefagia chumba cha masaji hospitalini, na kwa kuwa mikono ya Masera, yule mtawa wa Kizungu, ilikuwa miwili tu, alianza kumshikia mguu wa mgonjwa huyu, kumgeuza yule, hata ikafika wakati Masera akichelewa kazi haisimami. Baada ya Uhuru, Masera alipoondoka, chumba kilitiwa kufuli. Zaina hakuwa na diploma ya kulifungulia kufuli lile. Akawapokea watu nyumbani kwake, Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mwenye ndizi alileta ndizi, asiye na kitu alileta mguu wake tu.

Sajini alitoa karatasi mfukoni, akasoma polepole. Ilisema kwamba mkutano wowote wa watu zaidi ya watano, bila kibali cha komanda, ni marufuku, na mwenye parseli ataulizwa. Alipomaliza kusoma, macho yake yalienda ukutani, kwenye fito mbili zilizofungwa sambamba, ambako msichana wa miaka minane alikuwa amesimama peke yake, ameshikilia. Alikuwa Kadidja, binti wa Zaina na Waziri. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mikono, na kila mguu ulikuwa umefungwa ndani ya fito za chuma kutoka kwenye kiatu mpaka pajani, zenye mikanda ya ngozi, skrubu, na springi gotini.

"Na ile?"

"Vyuma vya kutembelea," Zaina alisema.

"Mutu anatembea na springi? Ile ni foni. Muko nasema na Wazungu."

Hakuna aliyecheka. Wiki zile watu walikuwa wamechukuliwa kwa sababu ya redio yenye waya mrefu kidogo tu, iliyodhaniwa kuwa foni ya kupeleka habari kwa adui, na wengine hawakuwa wamerudi.

"Vua," sajini aliamuru, lakini yeye mwenyewe hakusogea. Dawa aliyochanjwa ili risasi zigeuke maji ilimkataza kumgusa mwanamke, hata akiwa mdogo. Kwa hiyo aliita barazani, kwenye mashine ya kushonea ngozi. "Papa wa hapa. Kuja uvue hii kitu."

Waziri, mume wa Zaina, alikuwa fundi viatu. Vyuma vile alikuwa ameviunda mwenyewe, kutoka kwenye kitanda kibovu cha hospitali, Masera akimchorea na Zaina akimpimia. Alikuja na sindano ya kushonea bado mkononi. "Ndiyo, chef," alisema. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akafungua bizimu nane, moja baada ya nyingine, upesi na kwa uangalifu, kama anayemhudumia mteja. Akamketisha Kadidja chini. Halafu akavipanguza vyuma kwa pindo la shati lake, akamkabidhi sajini.

Kupanguza kule ndiko Zaina alikoshindwa kusamehe.

Kwenye mkeka wa pili, Bibi Nyota, mama yake Waziri, alisema kitu. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kuume na kumpinda mdomo, na maneno yake yalieleweka na watu wa nyumbani tu.

"Muzee iko nasema nini?" sajini aliuliza.

Watu wazima walitazama chini. Kadidja ndiye aliyetafsiri, ameketi mavumbini, miguu imelala mbele yake kila mmoja upande wake. "Anasema, hata mwizi mutu hamupanguzie muzigo."

Sajini alimtazama yule mtoto, akamtazama bibi. Akavitupa vyuma begani na kuondoka, askari wawili nyuma yake.

*

Saa sita mchana Kadidja alienda chooni kwa kutambaa. Alikuwa hajatambaa tangu akiwa na miaka minne. Zaina alitaka kumbeba, akakataa. Alivuka uwanja wote kwa viganja na magoti, akipita mbele ya baba yake aliyekuwa anajifanya anatafuta msumari, na aliporudi kifua cha gauni lake kilikuwa na tope.

Walikula lituma ya ndizi zilizopondwa, na samaki. Zaina alimlisha Bibi Nyota kidogo kidogo, upande wa mdomo uliobaki mzima. Mwisho Waziri alinawa mikono.

"Tungojee," alisema. "Hasira yao itapoa. Wataona hakuna foni ndani, watarudisha."

"Goti la mutoto haliwezi kungojea, Papa Kadidja. Wiki mbili bila chuma, litakunjika. Likishakunjika, hata mimi sitalinyoosha."

"Nitatengeneza ingine."

"Na chuma gani? Na ngozi gani? Ngozi yote walichukua mwezi wa nane, na wewe uliwafungia kwa kamba."

Waziri alikusanya sahani. Ilikuwa kweli, aliwafungia kwa kamba.

"Kesho mimi navuka mto," Zaina alisema. "Naenda kuuliza vyuma."

"Kwa Kapteni, mukubwa wa Simba? Wanawake hawaendi kule."

"Basi wataniona kwa mara ya kwanza."

Bibi Nyota alimgusa mwanawe goti kwa mkono wake wa kushoto, ule wenye nguvu, akasema maneno matatu. Kadidja alifungua kinywa kutafsiri, lakini safari hii baba yake alikuwa ameelewa.

"Nimesikia, mama," alisema. "Nitamubeba mutoto."

*

Ofisi ya Kapteni Sébastien ilikuwa mjini, katika nyumba ya ghorofa iliyokuwa ya mfanyabiashara wa pamba. Walifika mapema, wakaambiwa wangoje ukumbini. Karani aliandika majina yao, akayafuta, akayaandika tena kwenye karatasi nyingine. Mabenchi yalikuwa yamejaa, kwa hiyo Waziri alimweka Kadidja kwenye sakafu ya sementi, mgongo ukutani, akaketi kando yake. Watu waliopita walimruka mtoto miguu kama wanaoruka mzigo. Mmoja aliuliza kama wamekuja kuombaomba.

Karibu na saa sita mlinzi aligonga sakafu kwa fimbo. "Simameni. Kapteni anapita."

Mabenchi yote yalisimama. Zaina alisimama, Waziri alisimama. Kadidja alibaki alipokuwa.

"Na hii iko nadharau?" mlinzi aliuliza. Alisogeza fimbo karibu na kidole cha mguu wa mtoto, bila kumgusa. "Papa, musimamishe mutoto yako."

Mikono ya Waziri ilikwisha kunyooka. Ilikuwa imezoea kutii kabla ya kichwa. Alikuwa ameinama nusu, Kadidja naye ameinua mabega yake ili ashikwe makwapani, ndipo Waziri alipoacha. Akanyooka, akaiweka mikono nyuma.

"Hapana," alisema.

Vichwa viligeuka ukumbi mzima.

"Unasema nini?"

"Nasema hapana, chef. Mutoto hii alikuwa nasimama yeye mwenyewe. Sajini yenu alikuja kwangu akachukua vyuma vyake, na mimi, baba yake, ndiye nilivifungua. Viko ndani ya ofisi yenu. Muvilete, atasimama. Lakini mimi sitamunyanyua kama gunia mbele ya batu."

Alisema hayo akitazama fimbo, si uso wa mlinzi. Mlinzi aliinua fimbo. Zaina aliingia katikati, akasimama karibu sana na yule mlinzi, kiasi cha shibri moja, na mlinzi akarudi nyuma kwa ajili ya dawa yake. Alipiga hatua tatu, mgongo ukagonga mlango, na mlango ukafunguliwa kwa ndani.

"Nani iko nasema hapana?" aliuliza Kapteni.

*

Vyuma vilikuwa mezani. Kimoja kilikuwa kimefunguliwa skrubu zote, vipande vimepangwa juu ya gazeti. Cha pili kilikuwa kizima, ila mikanda yake ya ngozi ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Kapteni Sébastien alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, sauti ya chini. Hakuwakaribisha kuketi. "Tumeangalia," alisema. "Hakuna foni."

"Basi utupatie, Kapteni," Zaina alisema.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Mimi," Waziri alisema. Akasogea mezani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuonekana kuogopa, kwa sababu alikuwa anatazama kazi yake. "Hii springi inasaidia goti lisirudi nyuma. Hii skrubu ni ya kurefusha, kwa sababu mutoto anaongezeka. Yule aliifungua hakujua, aliiharibu kichwa."

Zaina naye alikuwa anamtazama Kapteni. Aliona jinsi anavyogeuza karatasi kwa mkono wa kushoto, na jinsi wa kuume unavyokaa umebanwa mbavuni kama bawa la kuku. Alipotaka kalamu iliyokuwa mbali, aligeuza mwili wote.

"Ulianguka?" Zaina aliuliza.

Kapteni alishika bega lake la kuume. "Juu ya gari, kamyo. Mwezi wa sita."

"Na tangu siku ile hukuinua mukono."

"Inauma."

"Itakauka hivyo hivyo. Ukingojea mwaka mupya, hutafunga hata kifungo ya shati."

Aliona kwamba shati la Kapteni lilikuwa limeachwa vifungo viwili vya juu, na Kapteni aliona kwamba ameona. Akaweka kalamu chini.

"Bon. Tupatane," alisema. "Mimi niko na askari wenye kuumia, kumi na saba. Utakuja kambini kila siku. Hautagusa mutu, dawa inakataza. Utafundisha infirmiers, wauguzi wangu, kwa maneno tu, watafanya. Utapata mchele, utapata karatasi ya ruhusa. Ile mambo ya bazee na batoto kule Lubunga, unafunga. Haisaidie vita."

"Na mimi nikifunga, wao wataenda wapi?"

"Muzee akikaa, akitembea, ni nini? Mutoto hii ataenda wapi na vyuma? Askari akipona, anarudi kupigana."

Kadidja alikuwa mgongoni kwa baba yake. Alisikia yote.

Zaina hakuinua sauti. "Kapteni, askari yako kama hawezi kutembea, anabebwa na kamyo. Batu yangu hakuna wa kuwabeba. Wewe uko na miguu mbili nzima. Njoo Lubunga Jumatatu, saa mbili. Nitakuonyesha mukono na maneno, sitakugusa. Lakini utakaa kwenye mukeka kama wengine, na utangojea zamu yako."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alishusha macho haraka. Kapteni alimtazama Zaina kwa muda mrefu. Kisha akasukuma kwa kidole kile chuma kilichokatwa mikanda, mpaka kikafika ukingo wa meza.

"Kimoja leo," alisema. "Cha pili, siku utavuka kuja kambini. Na marufuku inabaki. Nikisikia batu sita kwenye parseli yenu, nitakufunga wewe na bwana yako, na nyumba nitachoma."

*

Walirudi kwa mtumbwi, chuma kimoja mapajani mwa Kadidja. Walipofika, Zaina alimpima Kadidja chuma kimoja, akakiweka chini. Mguu mmoja wenye chuma na mmoja usio nacho ni kuanguka tu.

Waziri alikuwa ameketi mbele ya mashine yake. Ilikuwa ya baba yake, ya kusukuma kwa mguu, na kwenye avenyu yote hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Aliinama, akatazama chini ya meza yake kwa muda, halafu akachukua spana.

"Unafanya nini?" Zaina aliuliza.

"Hii fimbo ya pedali ni chuma ya muzuri. Na hii miguu ya mbele pia."

"Utashona namna gani?"

"Na mukono. Watu walikuwa nashona na mukono mbele mashine haijafika."

Alifungua. Zaina alichuchumaa kumshikilia, kama alivyokuwa akimshikilia Masera miguu ya wagonjwa. Pedali ilipolegea aliuliza lile alilokuwa nalo tangu Alhamisi.

"Kwa nini ulivipanguza?"

Waziri hakuacha kuzungusha spana. "Vilikuwa na vumbi. Mukono ilienda yenyewe. Sijawahi kumupa mutu kitu bila kupanguza." Akapuliza kutu kwenye skrubu. "Kisha nikaona mama ananiangalia."

Ngozi ilikuwa tatizo. Alikata viatu vyake vya Ijumaa, vikatoa mikanda mitano. Bibi Nyota aliashiria sanduku lililokuja naye siku ya harusi yake, akagonga kwa kidole mkanda mnene wa ngozi uliolifunga, akasema "Kata," na neno lile lilitoka wazi hata jirani angelielewa.

Wakati nyundo inagonga barazani, Zaina alizunguka avenyu, mlango kwa mlango, Jumamosi na Jumapili. Kwa Papa Nicolas, mstaafu wa reli aliyezaliwa Isangi, alikaa muda mrefu zaidi.

"Donc mimi nilale kwenye mulango yangu, asubuhi, batu wakiniona?" mzee alisema. "Kama mulevi?"

"Ndiyo, papa. Mulevi mwenye kuinua muguu."

"Wakinipiga?"

"Karatasi inasema batu zaidi ya watano pamoja. Wewe utakuwa kwako na mama na bajukuu yako wawili. Hiyo ni wanne. Nani atakupiga kwa kukaa kwako?"

Papa Nicolas aliwaza. "Wanaweza," alisema. "Lakini watakuwa wajinga. Nitatandika mukeka."

*

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Zaina alisimama katikati ya barabara, mikono mitupu. Kulia kwake, jirani yake Pélagie alikuwa ameketi kizingitini na mwanawe wa miaka miwili, amemshika vifundo vya miguu. Kushoto, Papa Nicolas chali. Mbele zaidi mama wawili wazee wameshikilia kiti kimoja. Katika mlango wake mwenyewe, Bibi Nyota kitini na Kadidja wima, chuma kimoja cheusi cha kitanda, kimoja cha pedali, mikanda ya rangi mbili. Walikuwa zaidi ya kumi na mmoja. Majirani ambao hawakuwahi kuja uwanjani, kwa aibu au kwa uvivu, walikuwa wametoa magoti yao mlangoni.

"Muguu wa kuume," Zaina alisema. "Moja."

Walipofika kumi na mbili, sajini alitokea upande wa stesheni na askari wanne.

"Nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema zaidi ya watano, chef. Mimi hapa ni mumoja."

Sajini alitazama kulia na kushoto. Akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa Pélagie, wawili. Akavuka barabara, akahesabu kwa Papa Nicolas, wanne, akarudia kuhesabu. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa avenyu, na Zaina akaendelea na hesabu yake, kwa hiyo kulikuwa na hesabu mbili asubuhi ile na ya sajini ilipotea njiani mara mbili. Kila mlango ulikuwa na watu watatu, wawili, wanne. Hakuna uliokuwa na sita. Wazee walimtazama kutoka chini, miguu hewani, na hakuna aliyeishusha.

Aliporudi alisimama mbele ya Kadidja. Alitazama kile chuma kipya.

"Hii mulitoa wapi?"

"Kwangu," alisema Waziri. Alikuwa barazani, akishona soli kwa mkono, na hakuinuka.

Sajini alihamisha bunduki bega lingine. Alikuwa na ujumbe wa kufikisha, akaufikisha. "Kapteni anauliza, utakuja kambini lini?"

"Mumuambie Kapteni, zamu yake ni ya ishirini na tatu, nyuma ya Papa Nicolas," Zaina alisema. "Aje na chuma cha mutoto. Bunduki aache kwake, ni nzito kwa mukono mugonjwa."

Mmoja wa askari alikohoa ndani ya kiganja. Sajini hakukohoa. Alitazama tena milango yote, kama anayetafuta mmoja wa kuanzia, na kila mlango ulikuwa na mzee au mtoto. Hatimaye alisema kwamba atatoa ripoti, na akaondoka na watu wake kwenda kwenye feri.

Zaina alingoja mpaka wamepinda kona. Pélagie alimsogezea kigoda. Zaina hakukikalia.

Kapteni hakuja Jumatatu ile wala iliyofuata, na nyumba haikuchomwa. Chuma cha pili hakikurudi. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na ndege na makombora upande wa mjini, na Waziri na Zaina waliwalaza mama na mtoto siku tatu chini ya meza ya mashine, ambayo sasa ilikuwa na miguu ya mbele ya mti. Baadaye askari wengine, wa serikali, walivuka mto, nguo nyingine, kofia nyingine, wakabandika karatasi yao kwenye ukuta wa stesheni. Zaina alikwenda kuisoma. Ilikuwa na muhuri mkubwa kuliko ule wa kwanza, na ilisema watu zaidi ya watatu.

Aliisoma mara mbili, akahesabu milango kichwani. Kwa Papa Nicolas walikuwa wanne. Alimhamishia mjukuu mmoja kwa Pélagie, na Alhamisi, saa mbili, alisimama barabarani akasema, "Muguu wa kushoto."